Maswali ya Wasomaji: Windows na Linux Katika Kompyuta Moja

SWALI: Ndugu Mhariri, kompyuta yangu ya mkononi inatumia Windows 10 na imekataa kupandishwa hadi Windows 11. Siwezi kuiacha Windows kabisa, kwa sababu programu yangu ya uhasibu haina toleo la Linux, lakini kwa shughuli za intaneti ningependa kutumia Linux. Nimeambiwa kwamba mifumo endeshi miwili ikiwekwa pamoja, mmoja huuua mwingine na mafaili yote hupotea. Je, ni kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, hofu uliyotiwa ina asili yake, ila imepitwa na wakati. Katika kompyuta za zamani zilizotumia BIOS, yaani programu ya ndani ya mashine inayofanya kazi kabla ya mfumo endeshi, programu ndogo ya kuuamsha mfumo, yaani kianzishi, ilianzia kwenye sekta ya kwanza ya diski, yenye baiti 512 tu, na nafasi hiyo haikuweza kubeba vianzishi viwili. Mfumo uliosakinishwa mwisho ulifuta kianzishi cha mwenzake, na mtu akiwasha kompyuta alidhani mfumo wake wa awali umekufa, kumbe ungali mzima kwenye partisheni yake, yaani sehemu ya diski iliyotengwa kwa ajili yake. Kompyuta zinazotumia UEFI, mrithi wa BIOS, ambazo ndizo nyingi leo, zina partisheni ndogo maalumu ambamo kila mfumo huweka kianzishi chake katika folda yake. Linux inapoingia huongeza folda yake hapo bila kuigusa ile ya Windows, kisha programu iitwayo GRUB hukuonyesha menyu kila unapowasha kompyuta ili uchague mfumo unaoutaka. Mifumo hiyo haifanyi kazi kwa wakati mmoja. Uliouchagua ndio unaomiliki mashine yote mpaka utakapoizima au kuiwasha upya.

Uamuzi wako naona ni wa busara. Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hudai mambo ambayo mashine nyingi nzima hazina, likiwemo toleo la 2.0 la chipu ya usalama ya TPM. Kuiachia Windows kazi ya uhasibu peke yake, na kuingia intaneti kwa mfumo unaoendelea kupata masasisho, ni njia nzuri ya kuendelea kuitumia mashine ambayo haina kasoro yoyote.

Mafaili yanapopotea, mara nyingi hupotea wakati wa kugawa diski, tena kwa mkono wa mwenye kompyuta. Kisakinishi cha Linux hukuuliza kama unataka kuiweka sambamba na Windows au kufuta diski nzima, na chaguo hilo la pili halina majuto yanayosaidia. Kwa hiyo nakala rudufu ya mafaili yako, iliyohifadhiwa kwenye diski ya nje, ndiyo kazi ya kwanza, na sioni sababu yoyote ya kuiruka. Baada ya hapo, punguza partisheni ya Windows ukiwa ndani ya Windows yenyewe, kwa kutumia zana yake ya kusimamia diski, maana ndiyo inayojua vizuri mahali mafaili yake yalipokaa. Ubuntu hushauri nafasi ya GB 25. Mimi ningeiachia angalau GB 50 ili usije ukaigawa diski upya baada ya muda mfupi. Kabla ya kusakinisha chochote, washa kompyuta kwa flashi yenye Linux na uijaribu hivyo hivyo, uone kama Wi-Fi, sauti na kipanya vinafanya kazi, kwa kuwa jaribio hilo haliandiki chochote kwenye diski yako usipoamuru.

Kuna jambo moja ambalo huwasumbua watu wengi kuliko yote, nalo ni utaratibu wa Windows wa kuwaka haraka, unaoitwa Fast Startup. Ukiwa umewashwa, Windows haizimiki kikamilifu unapobonyeza kitufe cha kuzima. Huhifadhi hali ya kiini chake kwenye diski, mithili ya mtu aliyesinzia huku ameshika daftari lake, na partisheni yake hubaki na alama kwamba bado inatumika. Ukiingia Linux kisha ukafungua partisheni hiyo, utaweza kusoma mafaili lakini hutaruhusiwa kuyaandika, au itakataa kufunguka kabisa. Kukataa huko ni ulinzi, kwa kuwa Windows itakapoamka itaamini kwamba diski iko kama ilivyoiacha, na mabadiliko yoyote yaliyofanywa katikati yanaweza kuharibu mpangilio wa mafaili. Wengine hulazimisha kwa amri walizokutana nazo mtandaoni, na hapo ndipo hasara hutokea. Dawa yake ni rahisi: ndani ya Windows, fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, andika powercfg /h off, kisha uizime kompyuta kwa njia ya kawaida.

Kagua pia kama diski yako imesimbwa, yaani imefungwa isisomeke bila ufunguo, kwa BitLocker ya Windows, kwani baadhi ya kompyuta hufanya hivyo bila mwenyewe kutambua. Ukibadilisha mipangilio ya UEFI kwenye mashine ya aina hiyo, Windows inaweza kukutaka uingize ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48 kabla haijafunguka. Tafuta ufunguo huo mapema kwenye akaunti yako ya Microsoft, uuandike kwenye karatasi, na usiuhifadhi ndani ya kompyuta hiyo hiyo.

Mwishowe, usishtuke ukikuta saa ya Windows imekosea baada ya kutoka Linux. Windows huichukulia saa ya bodi mama kuwa ni saa ya eneo ulipo, ilhali Linux huichukulia kuwa ni saa ya ulimwengu, yaani UTC, kwa hiyo kila mmoja huisoma kwa namna yake. Amri ya timedatectl set-local-rtc 1, ikiandikwa mara moja ndani ya Linux, huifanya ifuate desturi ya Windows.

SWALI: Nilikuwa na mifumo miwili, nikafuta partisheni ya Linux nikiwa Windows ili nipate nafasi. Sasa nikiwasha kompyuta naona skrini nyeusi yenye neno grub> tu. Je, Windows yangu imepotea?

JIBU: Haijapotea. Ulichofuta ni Linux yenyewe, lakini kianzishi cha GRUB kimebaki kwenye ile partisheni ndogo ya UEFI, na sasa kinatafuta menyu yake mahali ambapo hapapo tena. Andika exit kisha ubonyeze Enter. Mashine nyingi zitaendelea na kianzishi kinachofuata, ambacho kwa kawaida ni cha Windows. Ikishindikana, ingia kwenye mipangilio ya UEFI na uweke Windows Boot Manager juu ya orodha ya kuwasha. Laiti mpangilio huo ungebadilishwa kabla ya kufuta partisheni, usingeiona kabisa skrini hiyo.

SWALI: Ninajifunza kuandika programu na nimeagizwa kutumia Linux. Kompyuta yangu ina Windows 11 na RAM ya GB 16. Ni lazima nigawe diski?

JIBU: Si lazima, na kwa hali yako nisingekushauri. Kugawa diski humfaa zaidi mwenye kompyuta yenye RAM ndogo, au anayehitaji nguvu zote za mashine kwa mfumo mmoja. Wewe unaweza kutumia mashine pepe kama VirtualBox, ambayo huiendesha Linux ndani ya dirisha la Windows, ukaigawia GB 4 za RAM na Windows isipungukiwe. Ikiwa masomo yako ni ya kuandika amri tu, anza na WSL, zana ya kuendesha Linux ndani ya Windows, ambayo Microsoft yenyewe huitoa: fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika wsl --install, na ukishawasha kompyuta upya utakuta Ubuntu iko tayari. Ikikujibu kwamba uwezo wa mashine pepe umezimwa, ingia kwenye mipangilio ya UEFI na uwashe VT-x kwa prosesa ya Intel, au SVM kwa ile ya AMD.