Maswali ya Wasomaji: Kisu cha Kijapani kimetengenezwa na nani?

SWALI: Mhariri, mwalimu wa Kijapani aliyekuwa akifundisha hisabati katika shule ya sekondari iliyo karibu na kwetu alirejea kwao mwaka jana, na kabla ya kuondoka alinizawadia kisu alichokuwa akikatia samaki. Bapa lake ni refu na jembamba, sentimita 27. Upande wa kulia umechongwa kwa mshazari hadi kwenye makali, na wa kushoto umenyooka, wenye bonde dogo katikati. Mpini ni wa mti mweupe na noleo lake ni la pembe nyeusi. Karibu na mpini kuna herufi nne za Kijapani zilizopangwa moja chini ya nyingine. Ya kwanza ina kitu kama dirisha la vioo vinne juu ya paa lenye miguu miwili, na kushoto kwake msalaba uliosimama juu ya mstari. Ya mwisho ina umbo la kitana upande wa kulia. Mbili za katikati zimeliwa na kutu. Simu yangu ilijaribu kuzitafsiri ikaniambia "dunia ya supu". Nifanyeje nimjue aliyekitengeneza? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Dada, umezieleza herufi zako vizuri kuliko picha nyingi tunazoletewa, na mbili kati yake zinasomeka kwa maelezo hayo peke yake. Yenye dirisha, paa na msalaba ni Sakai, mji ulio kusini mwa Osaka. Yenye kitana ni saku, maana yake "kazi ya". Kwa hiyo kisu chako kinasema "Sakai, kazi ya fulani", na huyo fulani ndiye aliyeliwa na kutu. Umbo lake nalo linajulikana: ni yanagiba, yaani jani la mwerebi, kisu cha kukatia samaki mbichi vipande vyembamba kwa mvuto mmoja mrefu, kikichongwa upande mmoja tu ili kipande kisigande kwenye bapa.

Kabla hujaanza kulitafuta jina lililopotea, inafaa ujue linaweza kuwa jina la nani, kwa sababu hapo ndipo wengi hupotea. Huko Sakai, kisu hakitoki mikononi mwa mtu mmoja. Mhunzi huunganisha chuma laini na kipande cha chuma cha pua kigumu, hufua umbo, hulipasha moto na kulizimisha ghafla ili makali yawe magumu. Bapa linatoka kwake likiwa jeusi na butu, likaenda kwa mnoaji, ambaye kazi yake ya maisha ni kunoa tu. Mpini huchongwa na fundi wa tatu. Kisha mfanyabiashara aliyeagiza yote hayo hukipachika kisu mpini, hugonga jina kwa tindo na kukiuza. Jina linalogongwa aghalabu ni la nyumba ya huyo mfanyabiashara, na mhunzi anabaki bila kutajwa. Neno saku lisikudanganye, kwani nalo huweza kufuata jina la duka. Hili si udanganyifu. Karne nyingi zilizopita, mafundi wa Sakai walipokuwa wakitengeneza visu vya kukatia tumbaku, zao lililoingia Japani pamoja na Wareno, serikali ya shogun (mtawala wa kijeshi) ya ukoo wa Tokugawa iliviruhusu vigongwe muhuri wa ubora uliotaja mji wa Sakai, wala haukumtaja fundi. Kwa maoni yangu, swali linalojibika ni "kimetoka nyumba gani", na ukilipata jibu hilo umepata sehemu kubwa ya ulichokitafuta.

Sasa tuje kwenye kutu. Usiguse herufi kwa msasa, wala majivu, wala waya wa kusugulia sufuria, kwa maana michirizo ya tindo ina kina kidogo mno, na ukishaisawazisha hairudi tena. Tia tone la mafuta ya kupikia juu ya kutu, liache usiku kucha, kisha ukwangue taratibu kwa kijiti cha meno. Futa mpaka pakauke, halafu paka unga wa chaki na uufute kwa kiganja, ili ubaki ndani ya michirizo tu. Weka karatasi nyembamba juu yake, laza penseli ubavu na uipitishe polepole. Herufi zitatokea nyeupe katika rangi ya kijivu. Wajuzi wa panga za Kijapani huhifadhi sahihi za mafundi kwa nakala za namna hii. Simu hushindwa kwa sababu herufi ya tindo haina mkunjo wa kalamu: kila mstari ni mfululizo wa vikato vifupi vya pembetatu, ambavyo ukivipitishia ukucha utauhisi ukikwama.

Angalia pia upande wa kushoto wa bapa, kwani huenda kukawa na herufi ndogo zinazotaja aina ya chuma. Zikisomeka shirogami au aogami, yaani karatasi nyeupe au karatasi ya buluu, usidhani ni jina la mtu. Ni daraja za chuma cha Yasugi, mji wa Japani, zilizopewa majina kwa rangi ya karatasi za kuzitambulisha. Na ukiona juu ya makali mpaka kati ya sehemu iliyofifia kama ukungu na ukanda unaong'aa, hapo ndipo chuma laini kinapokutana na kile kigumu.

Nakala yako ya penseli unaweza kuituma Sakai Denshokan, jumba la kazi za jadi la mji huo, lenye maonyesho ya visu. Lakini njia fupi zaidi unayo tayari: mtumie mwalimu. Atalisoma jina papo hapo, na huenda anakumbuka duka alilokinunua. Ukipewa jina, uliza na mji wake, kwa sababu yapo majina yanayotumiwa na maduka tofauti. Aritsugu ya Kyoto, iliyoanzishwa mwaka 1560, si biashara moja na Aritsugu ya Tsukiji, Tokyo, ingawa jina ni lilelile. Wewe neno Sakai limekuondolea nusu ya kazi.

SWALI: Mimi nimepewa kisu chenye maandishi "Seki Magoroku". Herufi zake ni laini, ukucha haukwami popote. Nimesoma kwamba Magoroku alikuwa mfua panga mashuhuri. Je, ukoo wake bado unafua? – Msomaji, Mombasa.

JIBU: Ndugu, ukucha wako umekwishajibu nusu ya swali: maandishi yasiyo na alama ya tindo yamewekwa kwa mashine. Magoroku Kanemoto alikuwa mfua panga wa jimbo la Mino, ambalo leo ni sehemu ya Gifu, uliko mji wa Seki. Kisu chako ni cha kampuni ya Kai, iliyoanzia Seki mwaka 1908 na inayotumia jina hilo kwa visu vyake vya jikoni. Ni kisu cha kiwandani, na kizuri. Ukitaka kujua zaidi, tafuta boksi lake, kwani aina ya chuma na jina kamili la toleo huandikwa huko kuliko kwenye bapa.