Usimuulize mtoto aliyefiwa hadithi imemfundisha nini

Nilikuwa na miaka tisa baba alipofariki, na kwa wiki nzima niliambiwa kwamba amesafiri. Akina mama walikuwa wamekaa mikekani wakilia, nami nikatumwa kwa jirani nikacheze. Nilijua jambo kubwa limetokea, ila sikuwa na mtu wa kulithibitisha.

Matanga yalipoanuliwa, nilipelekwa kwa mjomba wangu, mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja wilayani Kongwa. Ndiye aliyenikalisha chini akasema, "Baba amekufa, mjomba. Hatarudi." Hakuongeza neno, alikaa nami mpaka nilipomaliza kulia. Naanza na hilo kwa sababu hakuna kitabu kitakachomfariji mtoto ambaye bado anadanganywa. Mtoto wa chini ya miaka mitano mara nyingi hudhani marehemu atarudi, na ukimwambia kwamba "amelala" anaweza kuanza kuogopa usingizi.

Uwele ulikuwa unakomaa, na kazi yetu watoto ilikuwa kuamia ndege, kwani kundi la kweleakwelea likitua shambani linaweza kumaliza jasho la msimu mzima. Mjomba alinipa kitabu cha hadithi kisicho na jalada nikapanda nacho dunguni. Nilisoma, nikatikisa makopo, nikapiga kelele, nikarudi kusoma, na kilipokwisha nilikianza upya. Nyumbani kila kitu kilikuwa kimebadilika bila mimi kuarifiwa, lakini katika kitabu kile sungura aliokoka kila siku katika ukurasa uleule, na kwa mtoto aliyefiwa uhakika wa namna hiyo ni kitu kikubwa sana.

Kwa hiyo, mtoto akitaka kitabu kilekile kwa mara ya ishirini, msomee. Usihangaike kutafuta kinachozungumzia kifo. Mwache achague mwenyewe. Akikuacha katikati ya ukurasa akakimbilia mpira, usidhani amesahau, maana huzuni ya mtoto huja na kuondoka mara nyingi kwa siku moja. Pasipo vitabu, na nyumba nyingi za vijijini hazina, hadithi ya bibi jioni hufanya kazi hiyohiyo.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni hili: usimuulize, "Hadithi hii inatufundisha nini?" Shuleni tumelizoea swali hilo hata linatutoka bila kufikiri, lakini kwa mtoto mwenye msiba linageuza kimbilio lake kuwa mtihani. Mjomba, pamoja na ualimu wake, hakuniuliza hata mara moja.

Kitabu si tiba ya kila kitu. Mtoto akikaa miezi bila kula vizuri wala kulala, au akisema anataka kumfuata marehemu, mpeleke hospitali haraka, na kwa sisi wa Dodoma jina la Mirembe lisimtishe mzazi. Ni hospitali ya afya ya akili, na huzuni iliyomzidi mtoto nguvu ni jambo la afya.

Asubuhi moja mjomba alikuja shambani na uji, akaketi chini ya dungu. Nilimsomea ukurasa mmoja kwa sauti, nikanyamaza, kisha nikamwambia bila kuulizwa, "Baba alikuwa anatikisa makopo kwa nguvu kuliko mimi." Akajibu, "Nakumbuka. Niambie alivyokuwa anafanya." Nikafunga kitabu, nikamsimulia mpaka uji ukapoa.