Datsun ya Zamani Iliyobadilishwa: Kagua Kazi ya Fundi Kwanza

Msomaji mmoja wa Musoma ameniandikia wiki hii kuhusu Datsun 240Z iliyowekwa injini nyingine, ikashushwa chini na kupanuliwa mabati ya juu ya tairi, ambayo muuzaji anamhimiza ailipie haraka kabla haijachukuliwa na mtu mwingine. Aliniuliza jambo moja tu: injini hiyo ina nguvu kiasi gani? Kwa kuwa najua wengi wenu mnaota kulimiliki gari hili, ninaeleza hapa jinsi nilivyolipata langu, na kwa nini nashikilia kwamba swali la nguvu linapaswa kuulizwa mwisho.

Mapenzi yetu kwa gari hili yana sababu. Ndilo lililoshinda mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971 likiwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, kisha likashinda tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta akiwa na Lofty Drews. Lilitoka kiwandani na injini ya L24 yenye silinda sita, ujazo wa sentimita za ujazo 2,393 na kabureta mbili za kuchanganya petroli na hewa, likiwa na uzito wa tani moja na ziada kidogo. Gari la namna hiyo likiwa halijaguswa, fundi yeyote makini anaweza kulilinganisha na kitabu chake. Likishabadilishwa, kitabu hakisaidii tena, kwa sababu unachonunua ni uamuzi na mikono ya fundi wa mwisho aliyelifanyia kazi.

La kwanza nililolikagua lilikuwa Nyakato, hapa Mwanza, jekundu, limepigwa rangi hadi unajiona usoni. Nilikwenda na fundi wangu, tukiwa na tochi, bisibisi na sumaku iliyofungwa kitambaa laini ili isikwaruze rangi. Kwenye mlango sumaku ilishika vizuri. Chini ya mlango, pale ambapo mwili wa gari unapata nguvu yake, iliteleza na kuanguka mkononi mwa fundi, kwa kuwa chini ya rangi hapakuwa na chuma bali puti iliyojazwa na kusuguliwa. Tulipoinua betri tukaona sehemu inapokaa imeliwa na tindikali, na juu ya bati bovu limechomelewa bati jipya, kwa hiyo kutu ilikuwa inaendelea kula katikati ya mabati hayo mawili. Gari hilo lilitoka Uingereza, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Maji ya ziwa letu hayana chumvi, lakini gari huja na kutu yake kutoka lilikotoka, nayo haisubiri.

Nilipoomba gari liinuliwe kwa jeki tutazame sakafu, muuzaji aliniambia mbele za watu: "Kaka, gari hili linauzwa, halifanyiwi upasuaji. Kama huna hela, sema." Maneno hayo yaliniuma, na mpaka leo nikiyakumbuka yananiuma. Niliondoka. Nawaomba nanyi muondoke mkiambiwa hivyo, hata kama ndugu na marafiki mliokwenda nao wanawatazama.

Gari hilo lilikuwa na injini ya Toyota, 1JZ yenye tabo (kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini), ambayo kiwandani ilitajwa kuwa na nguvu za farasi 280 wakati L24 ilikuwa na takriban 150. Jambo hilo si baya lenyewe. Ubaya ni kwamba breki zilikuwa zile zile za zamani, diski mbele na ngoma nyuma. Mauntingi za injini, yaani vishikizo vinavyoibeba, zilikuwa zimechomelewa kwa vipande vya bati visivyolingana, na waya za umeme zilikuwa zimesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa selotepu, huku ule wa pampu ya mafuta ukiruka fyuzi kabisa. Anayeongeza nguvu bila kugusa breki, difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma) na rejeta inayopoza injini hajamaliza kazi, na gharama ya kuimalizia itakuwa yako.

Gari nililonunua lilikuwa limetoka Dar es Salaam, na wanunuzi wawili walikuwa wameshalikataa kwa sababu lilinuka petroli na kutoa moshi mweusi. Ndani lilikuwa na L28, injini ya familia ile ile ya L24, iliyofungwa kwa ustadi. Fundi wangu alizitoa plagi zote sita na kuzipanga juu ya gazeti: zote nyeusi kwa masizi makavu, sawasawa, bila hata moja yenye oili. Akaniambia injini ni nzima. Kabureta zake zilikuwa zimepangwa Dar, usawa wa bahari, ilhali Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 juu yake na hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 10, kwa hiyo petroli inazidi. Tulipima mgandamizo wa kila silinda, zikalingana. Kabureta zilipangwa upya, moshi ukaisha. Ninajivunia ununuzi huo, na sioni sababu ya kuficha.

Kadi ya gari nayo isomwe ukiwa umesimama mbele ya boneti iliyofunguliwa. Namba ya chasisi imegongwa kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini, na kwa gari la usukani wa kulia lililotengenezwa kwa soko la nje ya Japani huanza na HS30. Ikiwa kadi bado inaonyesha namba ya L24 na ndani kuna injini nyingine, muuzaji alimalize jambo hilo TRA (Mamlaka ya Mapato) kwa jina lake kabla hujatoa hata shilingi. Msikubali kuahidiwa kwamba litashughulikiwa baadaye.

Mwombe muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika, ili ulikute la baridi. Liendeshe kutoka Buhongwa hadi Usagara na uelekee Kigongo, ukisikiliza giaboksi na difu, kisha urudi mjini wakati wa foleni na kupanda kilima cha Bugando polepole huku ukitazama geji ya joto. Ukifika, lizime kwa nusu saa, angalia kama kuna matone chini yake, halafu uliwashe tena likiwa bado na moto. Likiwaka bila kusumbua, hapo ndipo mnapoweza kukaa na kuzungumza bei.