Muulize Babako Kazi Yake

Baba alifariki Jumanne, mara baada ya adhana ya alfajiri, na ilipofika alasiri tulikuwa tumeshamzika. Ndivyo ilivyo kwetu Mombasa, maiti hacheleweshwi. Hupati wiki nzima ya kukaa na karatasi ukaandika wasifu wake. Mikeka hutandikwa, wanaume wakakaa nje barazani na wanawake ndani, Yasini ikasomwa, na yale usiyoyajua kuhusu mzee wako ukayapata vipande vipande kwa wanaokuja kukupa pole.

Siku ya pili ya matanga alikuja mzee mmoja wa Changamwe, amevaa koti juu ya kanzu na joto lote lile. Akaomba kuonana na watoto wa marehemu. Tulipotoka, alitutazama mmoja mmoja, kisha akasema: "Babenu ndiye aliyenifundisha kuiona rangi." Hakuweza kuendelea, machozi yalimzidi. Tukaitikia Mungu amrehemu, lakini kati yetu sote wanne hakuna aliyejua ni rangi gani inayozungumzwa.

Baba alikuwa mkemia wa maji kwa zaidi ya miaka thelathini. Sisi wanawe hatukuweza kuieleza kazi yake kwa sentensi mbili. Mtaani ilikuwa vivyo hivyo, maana kwetu ukisema kemisti watu wanaelewa duka la dawa. Majirani walimjia baba usiku kumuuliza dawa ya kikohozi cha mtoto, naye aliwajibu kwa upole kwamba yeye si mtu wa dawa, kisha akavaa makubadhi akaenda nao mpaka dukani. Nadhani hata sisi tuliishia hapo hapo, kumjua kama mtu anayesindikiza wenzake dukani.

Kwa hivyo nawaandikia nyinyi ambao wazee wenu wamestaafu na wangali hai. Muulizeni baba kazi yake. Si nasaba peke yake, si alizaliwa mtaa gani na alimuoa mama vipi. Hayo ami na shangazi watakueleza hata baadaye. Ya kazi akifa nayo yamekwenda.

Mimi nilijaribu mara moja kwa njia mbaya. Miaka minne kabla hajafariki, nilimkalisha sebuleni baada ya biriani ya Ijumaa, nikawasha simu irekodi, nikamwambia, "Baba, tusimulie maisha yako." Alikaa wima kama anayepigwa picha ya pasipoti. Akasema alizaliwa 1950, akasoma Mombasa, akaenda Nairobi 1971 mwaka mmoja tu baada ya chuo kile kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi chenyewe, akarudi, akafanya kazi, akastaafu 2005 akiwa na miaka 55 kama sheria ilivyotaka wakati huo. "Na nikawapata nyinyi. Alhamdulillahi." Dakika mbili na nusu. Ninayo mpaka leo ile rekodi, na unaisikia sauti ya feni kuliko sauti yake.

Kilichomfungua mdomo ni birika. Nilikuwa nikilisugua jikoni, lina ule ukoko mweupe wa ndani, nikalalamika kwa sauti. Akaja, akalichukua, akaomba ndimu. Aliikamua juu ya ukoko, povu dogo likaanza kuchemka, akaniinamisha nisikilize. "Hiyo unayoisikia ni hewa ya kaboni inatoka. Huu ukoko ni chokaa, ndugu yake yale mawe ya matumbawe yaliyojenga nyumba hii." Kutoka hapo hakunyamaza mpaka magharibi. Alinieleza kwa nini sabuni haitoi povu kwa maji ya kisima chetu. Alinieleza kwamba kisiwa chetu ni mwamba wa matumbawe wenye vitundu kama sifongo, na maji matamu ya mvua yameelea juu ya maji ya bahari humo ndani, tabaka jembamba, na ukiweka pampu ukavuta kwa pupa unaipandisha chumvi juu na hairudi upesi. Akanitajia maji ya mji yanakotoka kama mtu anayetaja wajukuu: Marere huko Shimba, Mzima kule Tsavo yanayosafiri kwenye bomba kilomita zipatazo 220, Baricho kando ya mto Sabaki, visima vya Tiwi. Kila chanzo alikijua kwa ladha.

Basi ushauri wangu wa kwanza, na kwangu ndio mkubwa: usimuombe mzee akusimulie maisha yake. Mpe kitu mkononi. Fundi mpe randa yake ya zamani, nahodha mpeleke akaone jahazi likipigwa kalafati, mwalimu mpe daftari la mjukuu alisahihishe. Wanaume wa rika lile hawakuzoea kujizungumza, ila mkono ukigusa kazi ulimi nao hulegea. Na simu iweke mbali, irekodi bila kuelekezwa usoni.

Jambo la pili nalisema kwa uchungu. Baba alikuwa na madaftari, yale marefu yenye gamba gumu, kwenye katoni juu ya kabati. Wiki ya hitima tulisafisha nyumba ili wageni wapate pa kukaa. Mmoja wetu, simtaji na simlaumu, aliona ni makaratasi ya ofisi yaliyopitwa na wakati, akampa muuza njugu. Kwa siku kadhaa, watu wa mtaa wetu walikula njugu kutoka kwenye vifuko vya hesabu za baba. Nilipojua nilikimbia hadi kituo cha mabasi, nikamkuta yule kijana, akanirudishia alichobakisha: daftari moja zima na kurasa tatu zenye mafuta. Hakudai hata senti, tena aliomba radhi kama kwamba kosa ni lake.

Tafadhali, msigawe wala kutupa karatasi yoyote mpaka arobaini ipite. Nguo gaweni, ni sadaka. Karatasi ziwekeni ndani ya ndoo yenye mfuniko, mbali na mchwa na unyevu wetu huu, mpaka apatikane mtu wa fani ile azipitie.

Na kama mzee wako alikuwa mkemia kama wangu, kuna la tatu ambalo ni la usalama. Nyuma ya kabati tulikuta chupa tatu za kioo cha rangi ya kahawia. Shemeji yangu alitaka kuzimwaga chooni. Ahsante Mungu, mzee wa Changamwe alikuwepo, akamzuia. Chupa za namna hiyo usizifungue, usizinuse, usizimwage kwenye sinki wala shimoni, usichanganye kilichomo na jiki eti kukiua nguvu. Ziache zilivyo, lebo zisibanduke, watoto wasizifikie, na utafute mwenzake wa kazi au uiulize ofisi ya Mkemia wa Serikali, ambayo ina tawi hapa Mombasa. Moja ya zetu ilikuwa nitreti ya fedha. Ndiyo iliyokuwa ikimtia baba madoa meusi vidoleni, maana ikigusa ngozi kisha ikapata mwanga inaacha weusi usiotoka kwa sabuni. Udogoni tulidhani ni piko, tukamcheka kwamba baba anajipamba kama bibi harusi.

Piko. Nimeiandika nikasimama kidogo, kwa kuwa hapa ndipo penye jambo ambalo bado nikilikumbuka kifua hunibana.

Mwaka nilioolewa nilitaka maua ya piko mikononi, meusi tititi, kama walivyopakwa rafiki zangu wote. Baba alikataa. Alisema hina safi peke yake, ile ya majani, iloane na ndimu, na ikitoka nyekundu iwe nyekundu. Hakueleza zaidi ya kusema piko ni rangi ya nywele na haikutengenezwa kwa ngozi. Nililia. Nilimwambia somo wangu kwamba baba anataka kunitawala mpaka siku yangu ya mwisho nyumbani kwake. Picha zangu za harusi nimekunja uso, na kwa miaka mingi niliamini alikuwa mkaidi.

Mama alipokaa eda, ile miezi minne na siku kumi, nilikuwa nikienda kulala naye kila Alhamisi. Nawashauri mfanye hivyo, na si kwa ajili ya hadithi, bali mama asiwe peke yake. Hadithi zitakuja zenyewe, usiku, taa imezimwa. Usimhoji. Usiku mmoja akaniuliza kama namkumbuka baba alivyovaa mikono mirefu wiki yote ya harusi yangu, hata nyumbani. Nikasema sikumbuki. Akanieleza kwamba baba alichukua pakiti ile ile tuliyoinunua, akakoroga kidogo, akajipaka kwenye mkono wake mwenyewe, mahali padogo kama sarafu. Zamani aliwahi kuitia ndevuni, alijua huenda mwili wake umeshaichukia. Baada ya siku mbili mkono ulivimba, ukatoka malengelenge. Ile dawa inayotia weusi, parafenilini-daiamini, huwafanyia hivyo baadhi ya watu, na aliyeathirika mara moja kila akirudia huwa vibaya zaidi. Nilimuuliza mama mbona hakunionyesha. Mama akasema, "Alikwambia usipake. Kwake yeye hilo lilikuwa limekwisha. Ule mkono hakutaka uuone siku ya furaha yako."

Baba yangu alinipenda kwa njia ya kupima. Sikuwa na elimu ya kusoma kipimo kile, na nilikuwa na miaka mingi ya kuuliza.

Mkiandika kumhusu mzee wenu, iwe kwa hitima ya mwaka au kwa wajukuu tu, msimfanye malaika. Baba hakuwa mtu wa maneno matamu. Alikosa Idi mbili ninazozikumbuka, kwa sababu mvua zilikuwa zimeharibu maji na ilibidi klorini ipimwe usiku na mchana. Sisi tulikaa na nguo mpya tukimngojea atupeleke Mama Ngina, kando ya bahari, kula mihogo ya pilipili chini ya mibuyu, hadi mama akatwambia tuvue. Iandikeni na hasira ya watoto wale. Ila andikeni pia kwamba alipokuja, saa nne usiku, alituamsha, akatupeleka hivyo hivyo, na muuza madafu wa mwisho alikuwa akifunga mkokoteni.

Majina ya wenzake yakusanyeni mapema. Hilo ni dogo lakini ndilo tulilolikosa kabisa: wengi waliokuja matangani hatukuchukua hata namba ya simu, na sasa sijui nianzie wapi. Muwekeni kijana mmoja mlangoni na daftari, aandike jina, namba, na mahali walipojuana na marehemu. Hakuna atakayeona ni utovu wa adabu.

Daftari lile moja lililosalia ni la kisima cha nyumbani kwetu. Sikulijua hilo mpaka mzee wa Changamwe alipolifungua. Kila mwezi, kabla na baada ya kustaafu, baba alikuwa akichota maji ya kisima chetu uani na kupima kloridi, yaani chumvi yake. Maji yakivuka kama miligramu 250 kwa lita ulimi unaanza kuonja chumvi. Bahari yenyewe ina kama 19,000. Chetu kilipanda pole pole, mwaka hadi mwaka, majirani walivyozidi kuweka pampu. Pembeni mwa namba kuna maneno machache kwa kalamu ya risasi. "Watoto wasinywe." "Mama yao ana mimba, anunuliwe maji ya mtungi." Kisha miaka mingi baadaye: "Mjukuu kaja. Maji ya kuogea yachemshwe." Mstari wa mwisho ni wa mwaka alioanza kuona ukungu kwa sababu ya mtoto wa jicho. Namba yake ni 610, na mwandiko umepinda.

Nilimuomba yule mzee anionyeshe. Alikuja Jumamosi moja na bureti, ule mrija mrefu wa kioo wenye mistari, na nitreti mpya ya fedha, akanivisha glavu. Tulichota ndoo kisimani. Akapima maji kwenye chupa, akatia matone ya kromati, dawa ya kuonyesha rangi, maji yakawa manjano kama juisi ya ukwaju iliyozimuliwa. Akaniambia nifungue kibomba, tone kwa tone, huku nikizungusha chupa. Ukungu mweupe ulijaa ndani. Nikangoja. Alikuwa amesimama nyuma yangu, haniambii kitu, na nikajua baba naye alisimama hivyo nyuma yake, maabara, miaka ile.

Tone moja lilianguka na umanjano ukashika wekundu, kama vumbi la tofali, na safari hii haukupotea.

"Umeiona?"

Nilikuwa nimeiona. Nikafunga kibomba, tukasoma mstari, tukapiga hesabu mara mbili. Nikafungua daftari, na chini ya mwandiko wake uliopinda nikaandika tarehe, na mbele yake 655.