Kabla hujaandika kwamba nchi fulani inajitengenezea silaha

Wiki iliyopita nimekaa kutwa kwenye ukumbi wa idara nasikiliza proposali za wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Feni moja haizunguki, umeme unakatika na kurudi, na karibu kila anayesimama ana slaidi ileile: duara limekatwa mapande mawili, uzalishaji wa ndani kijani, uagizaji kutoka nje jekundu. Nchi zinabadilika, duara halibadiliki. Wanangu, nakupendeni, lakini duara hilo limenichosha. Nayaandika haya ili mtu asije ofisini kwangu mwezi ujao akasema hakuambiwa.

1. Mapande si mawili. Katikati pana leseni, yaani mwenye silaha kumruhusu mwingine aitengeneze, na kazi yote imo humo. Nchi inaweza kununua silaha ikiwa kamili. Inaweza kuletewa vipande kwenye makasha ikaviunganisha. Inaweza kupewa michoro na mashine ikatengeneza sehemu kubwa wenyewe huku ikilipa mrabaha. Inaweza pia kubuni ya kwake tangu mwanzo. Zilizo nyingi hufanya zaidi ya moja kwa pamoja. Misri inaunganisha vifaru vya Kimarekani vya M1A1 tangu miaka ya 1990. Pakistan imetengeneza bunduki ya Kijerumani ya G3 pale Wah kwa miaka chungu nzima. Utavitia kijani au jekundu?

Mnazijua gari za mbao za shamba. Bodi amelipiga fundi wetu hapahapa, mabenchi yake, rangi yake, na maneno ya ubavuni anayojua yeye mwenyewe maana yake. Chasisi na injini zimekuja na meli. Anayesema gari limetengenezwa Unguja hakusema uongo, na anayesema limetoka nje naye kasema kweli. Mtafiti hatakiwi kuchagua upande. Anatakiwa aseme kipi kimetoka wapi, na nani akikasirika gari halitembei.

2. Kwa hiyo fuateni injini. Mwaka 2018 Uturuki ilitiliana saini na Pakistan kuiuzia helikopta 30 za T129 ATAK. Inaundwa Uturuki, asili yake ni A129 ya Italia, na injini yake ni ya ubia wa Marekani na Uingereza. Washington ikakaa na kibali cha injini, na biashara ikakwama mpaka ikafa. Msidhani ni mambo mapya: mwaka 1977 Israel ilitaka kuiuzia Ecuador ndege za Kfir, serikali ya Rais Carter ikazuia kwa sababu ndani yake mna injini ya J79 ya Marekani. Ndege ilikuwa ya Israel, lakini neno la mwisho halikuwa lake.

Sasa mwanafunzi mmoja ananiuliza, "Mwalimu, hilo si suala la siasa tu?" Ndiyo baba, na wewe unasoma siasa.

3. Msisahau risasi. Mwaka 2022 Ujerumani ilikuwa na mizinga ya Gepard, ya kutungulia ndege, ya kuipa Ukraine, lakini sehemu ya risasi zake za milimita 35 ilikuwa imetengenezwa Uswisi, na Uswisi ikakataa zisipelekwe vitani. Ikabidi Rheinmetall, kampuni yao ya silaha, waanzishe upya utengenezaji nyumbani kwao. Ujerumani hiyo, si kisiwa cha watu kama sisi.

4. SIPRI, taasisi ya Stockholm inayoweka takwimu za silaha zinazohama kati ya nchi. Hapa kaeni vizuri, maana hapa ndipo nilipoungua mimi.

Kwanza la haraka: zile namba za TIV si dola. Ni kipimo chao cha ukubwa wa silaha zinazohama, si bei iliyolipwa, kwa hiyo atakayeniletea alama ya dola mbele ya TIV namrudishia karatasi bila kuisoma. Na silaha ndogondogo kwa sehemu kubwa hazimo, msizitafute.

Sasa la pili. Nilikuwa nasoma uzamili Bara, na mada yangu ilikuwa India. Nilikuwa na hoja kabla sijawa na takwimu: India inakaribia kujitosheleza kwa ndege za kivita. Niliipenda hoja ile kama kwamba nimeizaa. Jedwali la kwanza, uagizaji, nikalitoa SIPRI. Jedwali la pili, uzalishaji wa ndani, nikalitoa kwenye taarifa za HAL, kiwanda chao cha ndege. Nikajumlisha, nikapiga asilimia, nikachora duara. Naam, kijani na jekundu. Mnadhani nimelichukia bure?

Siku ya utetezi mtahini wa nje alikuwa mzee mmoja mpole, hana makuu, anaongea polepole. Alisubiri wenzake wamalize, akaniuliza:

"Hizi ndege za Kirusi za Su-30MKI, zilizotengenezwa na HAL pale Nashik, umezihesabu wapi?"

"Jedwali la pili, Profesa."

"Na SIPRI wao wanazihesabu wapi?"

Nikaanza kusema kitu, nikanyamaza. Akanifungulia kiambatisho changu mwenyewe, orodha niliyoichapa kutoka SIPRI. Niliichapa karatasi ikiwa wima, kwa hiyo safu ya mwisho, ile ya maelezo, ilikuwa imebanwa ukingoni, maneno yanashuka mojamoja mpaka chini. Akaniambia nisome kwa sauti. Nikasoma. Maelezo yanasema zimetengenezwa India kwa leseni. Yaani SIPRI huihesabu silaha ya leseni kuwa imehama kutoka kwa mwenye leseni kwenda kwa aliyepewa. Ndege za Nashik zilikuwa tayari zimo kwenye jedwali la kwanza, chini ya Urusi, na mimi nikazirudia kwenye la pili.

"Basi ni ndege mbili au moja?" akauliza, bila ya kejeli hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma.

Hebu pigeni hesabu wenyewe. Oda zote za India za ndege hizo mpaka wakati ule zilikuwa 272. Hamsini zilitoka Urusi zikiwa kamili, na 222 zilikuwa za kutengenezwa na HAL. Mimi nilizitia 272 huku na 222 kule. Nililizidishia jeshi la anga la India ndege 222 ambazo hakuna rubani aliyepata kuzipanda, halafu juu ya ndege hizo za hewani nikajenga sura nzima ya hitimisho kuhusu kujitegemea.

Na karatasi ile nilikuwa nayo tangu mwanzo. Nimeichapa mimi, nimeitoboa mimi, nimeitia kwenye jalada mimi. Sikuisoma safu ile kwa sababu jibu nilikuwa nalo, na mwenye jibu hasomi safu ya mwisho. Nikaandika upya sura mbili ndani ya Ramadhani, mahafali ya mwaka ule yakanipita. Shangazi yangu Wete alikuwa keshashona sare yeye na wenzake kwa ajili ya mahafali. Ikaja kuvaliwa kwenye harusi ya mtoto wa jirani, na picha zake wananionesha mpaka leo.

Kwa hiyo: chagueni kanuni moja ya kuhesabu leseni, iandikeni kwenye sura ya tatu, mkae nayo mpaka mwisho.

5. Leseni si aibu. Huku nako kuna wanaovuka mpaka, wakiona leseni wanaandika "utegemezi" na kufunga mjadala. Korea Kusini ilitengeneza M16 kwa leseni ya Colt, kampuni ya Marekani, miaka ya 1970, kisha ikatoa bunduki zake yenyewe. Kifaru chao cha K2 kilianza kupelekwa jeshini kikiwa na injini ya Kijerumani, na mwaka 2022 Poland ikaagiza 180. Na anayenitajia Afrika Kusini ya makaburu kuwa ilijitosheleza baada ya vikwazo vya silaha vya Umoja wa Mataifa vya 1977, akumbuke kwamba bunduki yao ya R4 ni mtoto wa Galil ya Israel. Ulizeni leseni imemfundisha nini aliyepewa, na ameruhusiwa kumuuzia nani.

6. Wanaotaka kuandika juu ya nyumbani. Vizuri, lakini mpunguze ukubwa wa mada. Mzinga, shirika letu la risasi, ipo Morogoro, Nyumbu, la teknolojia ya magari, ipo Kibaha, wenzetu Kenya wana kiwanda cha risasi Eldoret, Uganda wana Luwero Industries kule Nakasongola. Karibu wote walianzia kwenye risasi, si kwenye bunduki wala magari ya deraya, na hilo peke yake ni tasnifu nzima. Msiende kupiga picha mageti. Sitakuja kumtoa mtu.

Na ulinzi ni jambo la Muungano. Mwaka jana binti mmoja hodari alikwenda Chukwani siku nyingi akipekua kumbukumbu za Baraza la Wawakilishi la Zanzibar akitafuta Mzinga. Hotuba za bajeti za Wizara ya Ulinzi na JKT husomwa bungeni Dodoma kila mwaka, na mashirika hayo hutajwa humo. Anzieni hapo, kisha barua za utambulisho mje kuzichukua kwa karani wa idara, asubuhi, kabla hajatoka kwenda kunywa chai.