Nilivyoikosa Lenzi kwa Sekunde Nne

Juma lililopita kijana mmoja wa Tabata aliniandikia akilalamika kwamba kamera aliyoiongozea dau kwa siku 6 katika mnada wa mtandaoni ilichukuliwa na mtu aliyejitokeza dakika ya mwisho, naye anaamini ameibiwa. Nilimwelewa, kwa kuwa mwaka 2019 nilikesha hapa Sinza hadi saa tisa usiku nikiigombea lenzi moja, nikipandisha dau kidogo kidogo kila nilipopitwa, kama mtu aliyesimama mbele ya dalali, nikaikosa zikiwa zimebaki sekunde 4. Hadi leo nikiiona lenzi ya aina ile mikononi mwa mpiga picha wa harusi, roho huniuma.

Sikuibiwa, sikuwa nimesoma kanuni. Dalali hagongi nyundo kabla ya kuita mara ya tatu, hivyo mwenye fedha hupata nafasi ya kujibu. Katika eBay, soko la minada la mtandaoni, saa ya kufunga hupangwa mapema na haisogei. Amazon, ilipokuwa na minada yake, iliongeza muda kila dau lilipoingia ndani ya dakika 10 za mwisho, na mwaka 2002 watafiti Alvin Roth na Axel Ockenfels walionyesha kwamba kuvizia mwishoni kulikuwa kwingi zaidi eBay.

Basi andika mara moja kiwango chako cha juu kabisa, ukishaondoa nauli ya mzigo na ushuru wa forodha. Kiwango hicho hufichwa, na mfumo hukupandishia dau hatua moja tu juu ya mpinzani: ukiweka dola 180 na mpinzani akaishia 150, unalipa 152.50. Tangu nijifunze hivyo nimeshapata lenzi 3, wala sioni haya kujisifu. Nasisitiza: kiwango kimoja, mara moja.

Muuzaji naye asijidanganye. Mpwa wangu aliyeko Uingereza aliuza stendi yangu ya kamera kwa niaba yangu, nikamwambia aanze na peni 99 ili kuvutia watu, bila kuweka bei ya chini ya siri, yaani ile ambayo dau lisipoifikia huuzi. Alijitokeza mteja mmoja tu, na kwa kanuni tulilazimika kumpa kwa peni hizo hizo 99.

Kijana wangu, umeniambia kamera nyingine kama ile inafungwa Jumapili usiku. Weka dau lako, zima simu, ukalale.