Anajua kalori zote, somo halikumbuki

SWALI: Binti yangu wa miaka 17 ana anoreksia, ugonjwa wa kujinyima chakula kwa kuogopa kunenepa. Anarudia ukurasa mmoja mara nne na hakumbuki kitu, lakini kalori za kila chakula anazo kichwani. Je, akili yake itarudi?

JIBU: Mara nyingi hurudi, mama, ila uzito hutangulia kurudi, akili hufuata. Ubongo hutumia takriban asilimia 20 ya nishati ya mwili. Ukinyimwa, huwaza chakula tu. Huko Marekani, mwaka 1944 hadi 1945, wanaume 36 wenye afya walipunguziwa chakula kwa miezi sita, wakawa wanawaza mapishi kutwa na kushindwa kumakinika. Nao hawakuwa na anoreksia! Kwa hiyo si uzembe wa binti. Fikra nazo hukakamaa: ukimbadilishia sahani, siku imeharibika. Kubishana naye hapo ni kujichosha bure.

Lakini usimshindilie chakula nyumbani kwa pupa. Mwili uliozoea njaa ukilishwa ghafla, fosfeti ya damu, yaani madini ambayo moyo na misuli huyahitaji, inaweza kushuka ghafla, moyo ukapiga ovyo. Daktari apime damu kwanza na aamue kuhusu thiamini, yaani vitamini B1. Akichanganyikiwa, akipepesuka au akiona vitu viwili viwili, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.